Paka Hana Kiganja

…na kwa nini anaisogelea hivyo, mpaka miwani inataka kugusa rangi, picha hutazamwa kutoka hatua tatu nyuma, Baba alitufundisha, hatua tatu nyuma halafu unainamisha kichwa kidogo, lakini Mwenye Ukumbi amegandia pale mbele ya picha ya mdogo wangu kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha, na mimi niko juu ya ngazi, mikono yote miwili juu, nimeikandamiza picha yangu ukutani, miezi minane ya kazi, namsubiri fundi seremala aseme kama imenyooka ndipo apige msumari. "Kushoto juu kidogo, dada," anasema fundi kutoka kwenye stuli yake, pima maji ameilaza juu ya fremu, kile kiputo cha hewa kinacheza ndani ya kioo, "imezidi, rudisha, hapo, hapo hapo, usitikisike," na mimi sitikisiki, mimi si wa kutikisika, kwetu anayetikisika yuko pale chini, amesimama karibu na Mwenye Ukumbi, mikono ameificha nyuma kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, mdogo wangu wa tumbo moja, na gauni lake lina doa la rangi pajani, leo, siku kama ya leo, hakuona hata haja ya kubadilisha. Kesho ukumbi unafunguliwa. Picha zote zimeshapata mahali, zimebaki mbili tu, yangu na yake, na umebaki ukuta mmoja unaostahili kuitwa ukuta, ule unaotazamana na mlango, ambao mtu akiingia tu anakutana nao uso kwa uso, na Mwenye Ukumbi ametangaza asubuhi hii hii, mbele yetu wote, kwamba mwenye picha itakayokaa pale ndiye atakayepewa ufunguo wa chumba cha nyuma, chumba kizima, dirisha kubwa, sinki lake, mwaka mmoja wa kuchora bila kubughudhiwa, na mimi nimekiona chumba kile kupitia tundu la kitasa, sioni aibu kusema, niliinama nikachungulia, sakafu ya saruji, mwanga mweupe, hakuna friji inayonguruma, hakuna cherehani ya Mama, hakuna mtu wa kukwambia sogea nipite, nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuchora mahali ambapo hakuna mtu anayetaka kupita.

"Tujaribishe hii hapa pembeni kwanza," alisema kuhusu yangu, kujaribisha tu, eti tuone itakavyokaa, nikapanda ngazi mwenyewe kwa sababu fundi ana mikono ya kubeba milango, si picha, na sasa nimening'inia huku juu kama shuka kwenye kamba, na ile ya mdogo wangu imeegemezwa kwenye kiti katikati ya ukumbi kama bibi harusi, anaizunguka, anairudia. "Hii bluu," anasema, "hii bluu inayochuruzika kutoka dirishani mpaka begani kwa huyu mama, hebu niambie, uliifanyaje?" Na mimi najua ilivyofanywa, katika ukumbi huu mzima ni mimi peke yangu ninayejua, na mdogo wangu anacheka, kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa mgongo wa mkono, anasema, "Si mimi, madam, ni paka." "Paka?" "Paka wa jirani, alipitia dirishani akapindua kopo la mafuta ya taa tunayosafishia brashi, mimi nimerudi nimekuta imeshamwagika," na wote wanacheka, hata fundi anacheka na msumari mdomoni, na Mwenye Ukumbi anasema, "Basi huyo paka ni msanii, ana jicho," ana jicho! Paka! Zaidi ya miaka thelathini nimeshika brashi, hakuna binadamu aliyewahi kuniambia nina jicho, na leo nimezidiwa na paka wa jirani, paka mwenyewe jicho moja lina tongotongo.

Yangu aliitazama kwa muda gani, nusu dakika? "Safi," alisema, akavuta pumzi, akarudia, "safi sana, kazi safi," kama anayesifia sahani zilizotoka kuoshwa, na mimi nikasema ahsante, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Ni meza ya kazi ya Baba, hiyo ndiyo picha yangu, brashi zake zimepangwa kwa ukubwa, uzi wake wa chaki wa kupigia mistari, kopo lake la bluu la kutilia penseli, nimechora hadi mikwaruzo ya kisu kwenye ubao, hadi unywele mmoja uliokatika kwenye brashi namba nne, weka rula popote pale mstari umenyooka, hakuna aliyefanya kazi ngumu kama ile katika ukumbi huu na nasema bila kupepesa macho… "Dada, umeshuka kulia," anasema fundi, haya, napandisha. Baba alikuwa mwandika mabango, maduka, saluni, zahanati, shule za chekechea, mji mzima ulisoma mwandiko wake bila kujua jina lake, na kwake yeye tone la rangi lilikuwa dhambi, "Tone moja, aibu mwaka mzima," ndivyo alivyokuwa akisema, kwa sababu bango linakaa nje na kila apitaye huliona tone kabla hajasoma neno. Sisi wawili tulikulia chini ya meza ile. Mimi aliniita Rula, kwa sababu nikiwa na miaka sita nilivuta mstari kwa mkono mtupu, urefu wa ubao mzima, akaweka rula juu yake asione kasoro, akaita majirani waje washuhudie, na mdogo wangu akamwita Madoa, hilo halihitaji maelezo, mtoto akipita karibu na kopo, kopo linapinduka lenyewe. Yalikuwa majina ya kibandani alimofanyia Baba kazi tu, hata Mama hakuyatumia, Rula na Madoa, na Baba alipokufa tuliyazika naye. Nikiwa na miaka kumi na moja niliangusha tone, moja, ukubwa wa punje ya mtama, kwenye bango la duka la viatu, na Baba akanifutisha bango zima, herufi kumi na nne, nikaanza upya huku nalia, halafu wiki ile ile, sitasahau mpaka naingia kaburini, wiki ile ile Madoa akamwaga rangi nyekundu kwenye bango la kinyozi, si tone, kijiko kizima, chini ya kidevu cha yule mteja aliyechorwa, nikafumba macho nisione kipigo, na Baba akarudi hatua tatu nyuma, akainamisha kichwa, akacheka! Akachukua brashi, akaivuta ile nyekundu mara mbili tatu, ikawa tai, mteja wa kinyozi kavaa tai nyekundu, na kinyozi alipokuja akasema acha hivyo hivyo, wateja wangu ni watu wa heshima zao. Nikamuuliza Baba, machozi yangu hayajakauka, mbona mimi ulinifutisha? Akasema, "Wewe unaweza kurudia, mwenzio hawezi," na jibu hilo nimelitafuna miaka thelathini, halitafuniki wala halimezeki.

Kutangulia si kufika, haya, nani hajui, lakini asikwambie mtu, inauma ukiwa wewe ndiye uliyetangulia, mimi ndiye niliyemwonyesha kukamua brashi, mimi niliyemwambia anza na kivuli, mwanga utakuja wenyewe, mimi niliyemwambia kuhusu picha yake ya kwanza kabisa kwamba yule si mbuzi, ni kochi, akacheka, hakubadilisha kitu, akaandika chini yake, KOCHI, na Mama bado ameitundika jikoni, yangu hata moja haiko jikoni… "Aaa, umepinda," anasema fundi, ameutoa msumari, ameuinua kwenye mwanga, "ukuta huu si wa mchezo, ngoja nikatafute wa zege kwenye mkoba, shikilia hapo hapo dada, ukishusha tunaanza kupima upya," na anashuka, na mimi nashikilia, mabega yanaanza kuwaka, nimezoea, mtu akikukuta unashikilia hukuacha uendelee kushikilia. Na ile Jumanne ilikuwa zamu yangu. Nikiisema niiseme vizuri, angalau humu kichwani ambamo hakuna wa kunisikia, ilikuwa zamu yangu kumpeleka Mama hospitali kwenye macho, nikasema mgongo unaniuma, na mgongo haukuwa unaniuma, na Madoa akavaa viatu bila neno, akasema, "Pumzika, Dada," wakatoka wameshikana mikono, nikabaki na picha mbili kwenye pembe yetu kati ya friji na cherehani. Yake alikuwa hajaimaliza. Ni Mama, amekaa dirishani, anashona kifungo kwenye shati la Baba ambalo hakuna wa kulivaa, basi, hakuna kingine, nikarudi hatua tatu, nikainamisha kichwa, na nikajua. Yangu ilikuwa meza. Yake ilikuwa Mama, alikuwa anapumua mle ndani, ungedhani atakata uzi kwa meno aniulize umekula? Na Madoa alikuwa ameichora kwa wiki tano tu, huku anaimba, huku anakula mkate, makombo mengine yako mle ndani ya rangi, nayajua yalipo. Sikuwa na hasira, hilo ndilo linalonitisha hadi leo, nilikuwa mtulivu kama mtu anayemwagilia maua, nikachukua kopo la mafuta ya taa, machafu, yamejaa bluu kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nasafishia brashi niliyochorea kopo la Baba, nikaliinua, nikamimina pale juu, polepole, yakashuka dirishani, dirisha likaanza kulia, yakashuka ukutani, yakafika begani kwa Mama, halafu mkondo mmoja ukageuka ukaelekea usoni kwake, na hapo nikasema "Mama!" kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba, nikapachika kiganja begani kwake nikauzuia, nikasimama hivyo, rangi inapita katikati ya vidole, mpaka ikaacha kushuka. Kisha nikatoa mkono, nikashika kitambaa, nifute alama zote, nifute mpaka ibaki turubai tupu, na mlango ukafunguka. Daktari hakuja kazini siku hiyo. Na paka, jamani, wapo paka waliozaliwa kwa bahati mbaya, alikuwa amekaa dirishani analamba mguu. "Paka," nilisema.

Akamtazama paka, akanitazama mimi, akatazama kitambaa mkononi mwangu. "Paka," akasema, "haya." Akaweka mkoba sakafuni, akarudi hatua tatu nyuma, na mimi nilikuwa nimeshaandaa kila kitu, nimeandaa pole, nimeandaa bega la kumlilia, nimeandaa hata ile sauti ya dada mkubwa ya kusema usijali utachora nyingine, na yeye akainamisha kichwa, akakaa kimya mpaka friji ikazima ikawaka tena, halafu akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyelala, "Usiiguse, Dada. Usiifute. Niachie hivyo hivyo." Wiki tatu aliifanyia kazi baada ya hapo, na mimi wiki tatu sikuigeukia, nilichora nimeipa mgongo, nikipita napita kiubavu, na kila asubuhi anampa yule paka kipande cha samaki pale dirishani, "Shikamoo, msanii," anamwambia, na Mama anacheka, na mimi nacheka, nilikuwa nacheka zaidi yao wote. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, sasa mimi ningemwambia nani, ningesema nini, kwamba nimeharibu kazi ya mdogo wangu na uharibifu wenyewe umetoka mzuri kuliko kila nilichowahi kutengeneza? Watu wananyang'anywa mali, wananyang'anywa mume, mimi nimenyang'anywa ubaya wangu, umechukuliwa umepambwa umewekwa kwenye kiti katikati ya ukumbi.

"Unajua kinachonimaliza?" anasema Mwenye Ukumbi, na sauti imeshuka, ile sauti ya watu wakiwa msibani, "si bluu peke yake, ni hapa, ni kama kuna mtu amesimama nyuma ya huyu mama, haonekani, ila amemwekea mkono begani… ni marehemu mumewe?" Na mdogo wangu hacheki safari hii, anasema, "Kila mtu anamwona wa kwake, madam." Mkono? Mkono gani, mle hamna mkono, mle mna doa, nalijua doa lile vizuri kuliko mtu yeyote, nageuza shingo lakini naona mgongo tu wa Mwenye Ukumbi na kishikizo cha mkufu wake, na fundi kule pembeni anapekua mkoba, misumari inalia, na bila hata kugeuka, bila kuitazama yangu kwa mara ya mwisho, kwa adabu tu, Mwenye Ukumbi anasema, "Hii inakaa mbele." Anasema tena, "Hii inakaa mbele, sina haja ya kufikiria, ile nyingine inapendeza hapo hapo pembeni," ile nyingine, miezi minane, ile nyingine. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, najua, lakini bahati hii si ya mwenzangu, bahati hii niliimimina mimi, kwa mkono wangu, bluu ile ni yangu, ilitoka kwenye brashi yangu, kwenye kopo nililolichora mimi, na chumba kinakwenda, dirisha kubwa linakwenda, nalisikia linavyokwenda, na maneno yamenipanda kooni yamefika kwenye meno, ni mimi, nitaliangusha kutoka huku juu kama tofali, ni mimi niliyemwaga, si paka, muulizeni, na hapo watanyamaza wote, na Mwenye Ukumbi atavua miwani, na kama ile sehemu ndiyo iliyowamaliza basi wanimalizie mimi chumba, sioni haya, haya nilizimimina Jumanne ile, nafungua mdomo…

"Fundi," anasema Mwenye Ukumbi, "nipe kibandiko cha hii, kiko hapo kwenye bahasha," na fundi, msumari wa zege mkono mmoja, anachomoa vile vikadi vya majina ya picha kwa mkono mwingine, anavisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wasiotaka kukubali miwani, anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, "Mko-no wa… Rula. Mkono wa Rula?" Anacheka. "Rula nayo imekuwa na mkono tangu lini?" Na mdomo wangu uko wazi. Na Mwenye Ukumbi anasogea apokee kadi, anasogea pembeni, hatua moja tu, na mwanga wa mlangoni unaingia moja kwa moja juu ya picha, na mimi niko umbali ule ule ambao Baba angetaka, juu kidogo, kichwa kimeinama kwa sababu ya shingo kuchoka, na naiona. Kiganja. Kiko pale begani kwa Mama, kizima, kimezungukwa na bluu yote ile iliyoshuka ikagawanyika ikapita pembeni yake, vidole vinne vimenyooka na kidole kidogo kimepinda nje, kidole changu, kile nilichovunja nikiwa na miaka kumi na tano nilipoanguka na ngazi kwenye bango la zahanati na kikaunga vibaya, na hakukigusa, mdogo wangu hakukigusa hata kwa ncha ya brashi, amepita pembezoni mwake na mstari mwembamba wa mwanga, mstari ulionyooka, mstari wa kufundishwa, Madoa ninayemjua mimi hawezi kuvuta mstari kama ule, alijifunza lini, aliurudia mara ngapi. Alijua. Aliingia mlangoni akajua. Nimempa mtoto wa watu paka, na paka hana kiganja, mjinga mimi, alikuwa anakitazama kidole changu huku ananiambia "haya".

"Rula ni nani?" anauliza Mwenye Ukumbi. Mdogo wangu hatazami juu, namwona utosi tu, na lile doa la gauni. Sasa ndiyo sasa, najiambia, hilo ni kofi, amelitunza wiki tatu aje alipige hapa mbele ya watu, na ni haki yake, apige, na nashika fremu kwa nguvu kama mtu anayesubiri sindano. "Ni mtu aliyenifundisha kushika brashi," anasema. "Na huu mkono ni wake kweli?" "Ni wake. Aliianza yeye sehemu hiyo, mimi nimemalizia." "Sasa yuko wapi mtu kama huyo, mbona hukumleta?" Na Madoa anasema, akiwa bado anaangalia viatu vyake, "Yupo, madam. Ila mikono yake sasa hivi ina kazi."

Lo. Ningeifuta. Hilo ndilo linalonijia, si samahani, samahani itakuja kwa miguu yake, linalonijia ni hilo, kwamba hata kama paka angekuwa amemwaga kweli, hata kama ingemwagika kwenye picha yangu, bluu ile ile, pembe ile ile, nisingeiona, ningeifuta, ningeanza upya huku nalia, herufi kumi na nne, kwa sababu mimi naweza kurudia, na Baba alinisifia hivyo na kunihukumu hivyo kwa sentensi moja, wewe unaweza kurudia, mwenzio hawezi, na asiyeweza kurudia inambidi akitazame kilichoanguka, akae nacho, akiulize, wewe sasa tukufanye nini, tai? Sikumimina mimi ile picha. Mimi nilimimina mafuta ya taa. Picha ilianza pale friji ilipozima ikawaka, kwenye kimya kile, hatua tatu nyuma, na mkoba sakafuni, na mtu anaona mkono wa dada yake juu ya kazi iliyoharibika na kitu cha kwanza anachogundua ni kwamba ule mkono ulikuwa unamkinga Mama. Mimi mwenyewe sikulijua hilo. Wiki zote hizi nimekumbuka kumimina, sikukumbuka kukinga. Na wivu haujaondoka, nisijidanganye, umenikalia hapa hapa kooni na viatu vyake, ila umehama tu kiti, nilikuwa namwonea wivu kwa doa, kisha kwa ukuta, kisha kwa chumba, sasa namwonea wivu kwa kile kimya, ningetoa chumba na dirisha lake nikipate kimya kile mara moja tu, mbele ya kitu changu mwenyewe kilichoharibika. Jioni nitamkuta jikoni chini ya lile kochi lake, nitamwambia, Madoa, sijalitamka jina hilo tangu Baba azikwe, nitamwambia haikuwa paka, na atasema najua, na atacheka na kuziba mdomo kwa mgongo wa mkono, na mimi nitalia, nadhani nitalia, na wala sitasema ilikuwa ajali, maana haikuwa. Na yule paka, samaki wote wale, mnafiki mkubwa, aliwala bila hata kutikisa mkia.

"Haya, nimerudi," anasema fundi, anapanda stuli yake, pima maji anairudisha juu ya fremu, kile kiputo kinakimbilia upande mmoja na hakirudi, "ee dada, tulikuwa tumeipata kabisa hii, kulia kumeshuka, pandisha… zaidi… hapana, umevuka," na mikono yangu inaniambia imetosha, na kule chini Mwenye Ukumbi anabandika kadi, na mdogo wangu hatimaye ameinua uso, anatazama huku, ameinamisha kichwa kidogo, kushoto. Meza ya Baba iko mbele ya pua yangu, brashi zote kwa ukubwa wake. Fundi ameweka msumari, ameinua nyundo, amesita. "Dada," anasema, "unatikisika."

"Najua," namwambia, "piga hivyo hivyo."